Msitu wa Kamba

Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya mialoni Walda alipokwenda kuwarudisha nguruwe nyumbani. Nguruwe wote saba walikuwepo, wanatafuna kana kwamba hawajala tangu wazaliwe. Aliyekosekana ni Idis, binti yake wa miaka sita, aliyekuwa akicheza karibu nao.

"Idis!"

Akainama kuitazama ardhi.

Nyayo ndogo zilikwenda moja kwa moja hadi kwenye jiwe la mpaka, zikaingia Msitu wa Kamba. Walda akapiga yowe la kuomba msaada.

Warumi ng'ambo ya mto hutuita washenzi tusio na sheria. Waje basi waione ya msitu huu! Huingii ila umefungwa mikono, ili mungu wa humo ajue kwamba hujamzidi. Watoto ambao meno ya utotoni hayajawang'oka husamehewa kamba. Lakini ukianguka, uwe mkubwa uwe mdogo, huruhusiwi kuinuka wala kuinuliwa. Utajiviringisha chini mpaka nje. Aliyesimama baada ya kuanguka si wa watu tena, na wazee humrudisha kwa mungu huyo. Alfajiri, kwa kisu.

Gisla, mama mkwe wa Walda, alifika akihema, kamba mkononi. Akamfunga mikono kwa mbele.

"Ukianguka, usiinuke, jiviringishe. Usijitie ushujaa."

"Najua, mama."

"Unajua! Hata nguruwe wanajua njia ya nyumbani, na bado kila jioni tunawafuata." Kisha akanong'ona: "Na ukipewa mkono, usiupokee."

"Nani atanipa mkono humo?"

Bibi kizee akakaza fundo.

Ndani giza lilikuwa limewahi kuingia. Palinuka majani yaliyooza... na maziwa ya moto. Maziwa, mahali pasipokanyaga ng'ombe! Walda akatembea akimwita mwanawe kwa sauti ya chini. Mzizi ukamnasa mguu. Akaanguka kifudifudi, udongo ukamjaa mdomoni.

Kra... kra... kra...

Mtu alikuwa anakanyaga majani makavu. Hatua zikakoma karibu na kichwa chake.

"Pole, mwanangu," sauti ikanong'ona. "Nipe mkono."

Nywele zilimsimama. Aliijua sauti ile. Ndiyo iliyombembeleza Idis kila usiku.

Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Vidole vya baridi vikamgusa begani, kwa upole, na upole ule ndio uliomtisha kuliko kitu chochote. Akafumba macho, akajiviringisha. Miiba ikamchana uso, mawe yakamgonga mbavu, asikome. Nyuma yake sauti ile ikawa inaimba wimbo wa kumlaza mtoto, taratibu, bila haraka, mpaka akalivuka jiwe la mpaka.

Nje, Idis alikuwa amekaa mapajani mwa Gisla.

"Ametoka mwenyewe sasa hivi," Gisla alisema, lakini usoni hakuwa na furaha.

Walda alilia kwa kumwona. Halafu akaangalia vizuri. Goti la mtoto lilikuwa limechubuka, damu bado mbichi. Nguo yake ya sufu nyeupe haikuwa na doa hata moja la udongo. Kichwani hakuwa na hata jani.

"Ulianguka, mwanangu?" akauliza polepole.

"Ndiyo."

"Ukajiviringisha?"

"Sikujiviringisha. Si ulinipa mkono!"

Wanawake wale wawili wakatazamana. Kule bondeni mbwa walikuwa wanabweka. Wazee walikuwa wamesikia kelele, wanakuja na mienge. Walda, mikono bado imefungwa, akachota udongo akampaka mtoto kichwani, mgongoni, kifuani. Gisla, aliyezaliwa na kuzeeka chini ya sheria ile, alimshusha mtoto chini. Kisha naye akapiga magoti, akachota.

Idis akacheka, akijikunyata.

"Mama, mbona unanichafua? Si umenipangusa wewe mwenyewe kule ndani?"