Picha ya Pili ya Bi Uulkan

Kila asubuhi, nyumbani kwake mjini Osh, Bi Uulkan alitandika kitambaa cha chakula, akamega mkate, akamimina chai kikombe kimoja tu. Mumewe alikwisha kufariki. Mwanawe, Ulan, alikuwa Moscow akitafuta riziki.

Mwaka ule mkono wake wa kulia ulianza kulegea. Vyombo vilimponyoka. Daktari akamtuma hospitalini kupigwa picha ya kichwa kwa mashine ya MRI.

Walimvua hereni na pini za nywele, wakamlaza ndani ya mashine nyembamba kama bomba. Ikagonga, ikanguruma. Uulkan akageuza kichwa huku na huku akitafuta mtu. Hakuona mtu.

Alipotoka, mtaalamu wa picha, Kanykei, alimwita kwenye kompyuta.

"Tazama, mama. Picha imevurugika."

"Si una kompyuta? Isafishe!"

"Imeshindwa, mama. Mashine hii haipigi picha mara moja kama simu. Inatumia sumaku na mawimbi ya redio kukusanya taarifa kidogo kidogo, kwa dakika nyingi. Kisha programu ya kompyuta inaziunganisha ziwe picha. Ukitikisika kidogo, programu inaweza kurekebisha. Ukigeuka sana, inachanganya mambo. Daktari anaweza kuukosa ugonjwa uliopo, au kuona usiokuwepo."

Uulkan akainama. "Nilidhani mmeniacha."

"Tulikuwa nyuma ya kioo. Kosa letu, hatukukueleza. Shika kipira hiki. Ukikibonyeza, tunasimamisha mashine. Na kila mlio ukiisha, nitasema nawe."

"Utasema nini?"

"Wewe wataka nini?"

Uulkan akafikiri. "Niulize nimepika nini. Siku nyingi sijaulizwa."

Akarudi ndani, akatulia kama gogo. Mlio ukakoma.

"Mama, umepika nini leo?"

"Supu ya tambi," akajibu. Machozi yakamtiririka masikioni, lakini kichwa hakikusogea.

Safari hii programu ilitoa picha safi. Daktari akaona uvimbe mdogo uliobana ubongo. Ukatolewa, haukuwa saratani. Baada ya miezi miwili mkono ukapata nguvu.

Ulan alipopiga simu ya video, mama alimpungia mkono wa kulia.

"Mbona wapunga kama waniaga, mama? Ndiyo kwanza nimepiga!"

"Naupunga kwa sababu sasa unapungika."

Ulan akacheka. Kisha akaaga, zamu yake kazini ilikuwa imefika. Kioo cha simu kikazimika. Uulkan aliendelea kupunga.