Waliosema Hawakuona

Kaka yangu Telesphori alikuwa koplo wa polisi. Haya yalimpata yeye, na mimi nilikuwapo, kwa hiyo asije mtu akaniambia ni porojo za vijiweni.

Mwaka 1980 nilikuwa naishi naye kwenye kituo kidogo upande wa Ushirombo. Kituo chenyewe kilikuwa vyumba viwili vya matofali ya kuchoma, ofisi na chumba cha mahabusu. Askari walikuwa wawili, yeye na konstebo Athanas, na Athanas alikuwa amelazwa hospitali ya misheni kwa malaria. Gari hatukuwa nalo. Hata chakula cha mahabusu kilitoka kwenye sufuria yangu.

Asubuhi ile haikuwa na lolote. Kaka alikuwa barazani anapiga viatu rangi, mimi napepeta mtama. Akina mama walipita na vikapu vya karanga kwenda mnadani, tukasalimiana, "Mwangaluka, mwangaluka," wakaenda zao wakicheka. Nyuma yao akaja mwanamke mmoja asiye na mzigo, peku, anatembea upesi. Alikuwa Scolastika, mke wa mtu kutoka kijiji cha Bukamila, mumewe akiwa kibarua mbali.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Kaa kwanza."

Hakukaa. "Wamemuua mama mkwe wangu," alinong'ona. "Kwa panga. Jana, mchana kweupe, uani kwake."

Mama mkwe wake aliitwa Zipora. Kosa lake lilikuwa macho. Kule miti ilikwisha kukatwa ili walime pamba, na akina mama walipikia samadi kavu. Moshi wake unachoma. Ukikaa nao jikoni miaka na miaka, macho yanakuwa mekundu. Basi jirani yake mmoja, Maganga, alifiwa na mtoto kwa surua, akaenda kwa mganga, akaambiwa aliyemla mtoto ana macho mekundu. Hilo tu. Hilo lilitosha kumpasua bibi kizee kichwa.

"Nani kafanya?" kaka aliuliza.

Scolastika akatazama barabara, huku na huku. "Nikikutajia, nitalala wapi?"

Hakuna aliyewahi kumpa kaka jibu la swali hilo. Hakuwa na nyumba ya kumficha shahidi, wala mtu wa kumlinda. Akajibu kwa akili yake mwenyewe: "Utalala hapa, na dada yangu Tereza." Ndipo akamtaja Maganga.

Kaka aliita wilayani kwa simu ya upepo. Aliomba gari, na daktari wa kupima maiti. Mkubwa wake, Inspekta Valerian, akamjibu kwamba vita vya mwaka jana vimemaliza petroli yote, apande baiskeli.

Akapanda baiskeli. Alikuta Bukamila wote wamekaa kimya, maiti imefunikwa kanga, nzi wamejaa. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mzee Mageni, na mlango wa nyumba yake unatazamana na ua wa Zipora. Yeye ndiye aliyetangulia kujibu.

"Nduhu, afande, hakuna. Hatukuona kitu."

Kaka aliwauliza mmoja baada ya mwingine, wake kwa waume. Nduhu. Hatukuona. Tulikuwa shambani. Nduhu. Katekista naye, rozari shingoni, aliapa kwamba hakuona.

Kaka akamkamata Maganga kwa neno la Scolastika peke yake, akamtembeza mbele ya baiskeli mpaka kituoni. Hazikupita siku nyingi, amri ikaja kutoka kwa Valerian: mwachie, shahidi mmoja hatoshi. Baadaye tulisikia kwamba fahali wa Maganga alionekana amefungwa nyuma ya Landrover ya huyo huyo Valerian. Petroli ya kubebea fahali ilikuwapo.

Kaka alifungua kufuli. Nilimwona mishipa ya shingo imemsimama. Maganga alitoka akijinyoosha, akamtazama Scolastika aliyekuwa anachota maji, akamwambia kwa upole kabisa, "Tutaonana nyumbani, mama."

Kisha macho yakaanza.

Wa kwanza alikuwa Mageni. Alikuja kituoni jua likiwa utosini, kitambaa usoni. "Afande, nitazame." Alipokiondoa, kata ya maji ilinianguka mkononi. Macho yake yalikuwa mekundu yote. Weupe haukubaki hata kidogo. Hayaumi, alisema. Hayatoi chozi.

"Watu wananitazama," akanong'ona. "Wananitazama kama tulivyomtazama yule."

"Kumbe mlimtazama," kaka akasema.

Mageni akafunga tena kitambaa chake.

Baada yake mkewe. Baada ya mkewe katekista. Mganga wa zahanati aliwapa dawa ya matone, haikusaidia kitu. Wote waliosema hawakuona, yaliwabadilika. Watoto, ambao kaka hakuwauliza, walikuwa salama. Scolastika alikuwa salama. Bukamila watu wakaanza kuogopana. Mke hakumgeuzia mume mgongo. Majembe yalibaki ndani na mapanga yakatoka nje.

Halafu mtu mmoja akagundua kwamba macho ya Maganga ni meupe kama maziwa. Yeye hakuwa ameulizwa kama aliona. Alikamatwa tu.

Wakasema ndiye aliyewaroga, wakamkimbiza. Na huyu muuaji, alipozidiwa, akakimbilia wapi? Kituoni kwetu. Alipiga magoti akishika buti za kaka.

"Nifungie, afande. Wataniua."

"Waachie, kaka," nikasema. Nilikuwa nasema kweli kutoka moyoni, na sijuti. Scolastika aliushika mkono wangu.

Kaka alimtazama Maganga. Sijawahi kuona mtu mwenye hasira kama ile. "Nikiwaachia," akasema, "mimi na wao tuna tofauti gani?" Akamwingiza chumbani, akafunga kufuli, akaita wilayani kuomba msaada. Petroli hakuna. Akaenda kusimama mlangoni, peke yake, na kirungu.

Walifika wengi. Jua kali, vumbi, mapanga, na macho yale. Hawakupiga kelele.

"Nilipowauliza mlikuwa wapi?" kaka aliwapigia kelele. "Semeni sasa kwamba mliona! Semeni, niandike, nimpeleke mahakamani, anyongwe kwa sheria! Mzee Mageni! Katekista!"

Hakuna aliyefungua kinywa. Hata pale. Walisogea tu.

Ndipo tukasikia mtu anaongea chumbani kwa mahabusu.

Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee, ya taratibu, kwa Kisumbwa. Scolastika aliachia mkono wangu. Sauti ilikuwa inauliza, kama askari anayechukua maelezo.

"Uliona nini?"

"Niliona damu." Huyo alikuwa Maganga. Analia.

"Uliona nini?"

"Nilikuona wewe."

"Uliona nini?"

"Niliona mkono wangu."

Watu wakaketi chini, mmoja mmoja. Mapanga yakaanguka. Kaka akageuka, akaingiza ufunguo. Haukuzunguka. Alisukuma kwa bega. Mlango ule wa mbao, aliokuwa akiurekebisha kila mvua, ulikuwa kama mwamba.

"Uliona nini?"

Kisha Maganga, kwa sauti ndogo:

"Sikuona."

Ufunguo ukazunguka wenyewe mkononi mwa kaka.

Maganga alikuwa amepiga magoti, uso umegandamizwa ukutani. Hakuwa na jeraha. Hakuwa na pumzi. Kaka alimgeuza. Macho yalikuwa mekundu kama makaa. Chumbani hamkuwa na mtu mwingine.

Siku hiyo petroli ilipatikana. Magari mawili! Valerian alishuka na askari wenye bunduki, viatu vinang'aa, akatangaza kwamba mahabusu amefia mikononi mwa koplo. Kaka alivuliwa mkanda mbele ya watu. Mimi na Scolastika tulipiga kelele kwamba hakumgusa. Tukaambiwa dada wa mtuhumiwa na mgeni wake si mashahidi.

Valerian akawageukia watu wa Bukamila. "Nyinyi mlikuwapo. Koplo alifanya nini?"

Kaka aliwatazama. Alikuwa amesimama kati ya mlango na mapanga yao ili wasiwe wauaji, na kila mmoja alijua.

Mageni akainamisha kichwa. "Nduhu, mzee. Hatukuona kitu."

Wengine wakaitikia. Hatukuona. Nduhu.

Walimpakia kaka garini. Vumbi lilipotulia, Mageni alikuwa bado amesimama uwanjani, katikati ya jua, anapapasa hewa kwa mikono miwili.

"Jamani," akasema, "mbona mmefunga mlango?"

Nyuma yake wengine walianza kupapasa pia.

Kaka alikaa rumande mpaka akakonda. Kesi ikafutwa kwa kukosa ushahidi, lakini kazi hakurudishiwa. Aliishia kuchimba dhahabu upande wa Geita, akiwa chini ya vijana waliomwita afande kwa kejeli. Valerian alipandishwa cheo.

Kituo kilifungwa, chama cha ushirika kikapewa jengo kuhifadhi pamba. Nililipita mwaka juzi, nikaingia. Kwenye ukuta wa chumba kile, mahali ulipokuwa uso wa Maganga, kuna duara ambalo chokaa haikauki. Wamelipaka mara nyingi, kiangazi kwa masika. Pamba ikiegemezwa pale, inaloa. Nilinyoosha kidole nikaligusa.

Lina joto la mwili.