Mteja Aliyefungiwa Dukani

Asubuhi ile Mama Vyombo alipangusa sufuria zake mara ya pili, maana wateja hakuna. Tangu bei zipande, watu walishika vyombo, wakauliza bei, wakarudisha.

Ndipo akaingia mwanamke mmoja akitaka ndoo mbili kubwa. Uso wa Mama Vyombo ukachanua.

Kabla hajazishusha, muuza viatu wa jirani akagonga debe. Ngo, ngo, ngo! Mtaa mzima uliijua ishara hiyo: watu wa kodi wanakuja. Milango ya chuma ikashushwa kwa kishindo. Mama Vyombo naye akauvuta wake. Giza likaingia dukani.

"Mama, kuna nini?"

"Shii, mwanangu! Watu wa kodi hao. Wakipita nafungua."

Mteja akamsogelea. "Mama, hata mimi ni mtu wa kodi. Hao ni wenzangu."

Mama Vyombo alirudi nyuma hatua moja. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Usiogope. Leo niko likizo. Mdogo wangu amejifungua, na wodi ya wazazi haina maji. Kila mtu anajibebea."

Mama Vyombo alishtuka upya. Binti yake alikuwa na mimba ya miezi minane, na hospitali ni hiyo hiyo moja.

"Haina maji? Mungu wangu! Kwa nini?"

"Pampu imekufa. Vitu vingi tunavyonunua vina kodi ndani yake. Watu wakipunguza kununua, kodi inapungua. Maduka yakijificha, inazidi kupungua. Hela ya pampu itoke wapi?"

"Lakini siuzi, mwanangu! Na mmenikadiria kodi ileile ya mwaka jana."

"Ulikuja kusema?"

"Nijipeleke mdomoni mwa simba?"

"Njoo na risiti zako. Mauzo yakishuka, tunakadiria upya. Ukifunga mlango tutajuaje? Na wateja unawakosa vilevile."

Kesho yake alikwenda ofisi ya kodi na risiti zake. Kodi yake ikapunguzwa kweli, akailipa. Majirani walimcheka, kisha mmoja mmoja nao wakaenda huko, isipokuwa muuza viatu.

Siku binti yake aliposhikwa na uchungu, Mama Vyombo alifika wodini na ndoo kichwani, jasho likimtiririka.

"Bibi, hiyo irudishe nyumbani," muuguzi akamwambia. "Kodi imeanza kuingia, pampu ilitengenezwa juzi."

Hakuamini. Alifungua bomba mwenyewe, maji yakamrukia mpaka kifuani.

Baadaye, mchana mmoja, debe likalia tena. Ngo, ngo, ngo! Mama Vyombo akachungulia nje kwa hasira.

"We muuza viatu, acha kelele! Mjukuu wangu amelala."

Mlango wake aliuacha wazi.