Pumzi Kwenye Kioo cha Fulvia

Ijumaa tarehe 14 Machi 2025, saa kumi na dakika kumi alasiri, Cécile aliingia ndani ya Lancia Fulvia ya mwaka 1968 kujaribu kama gauni lake la harusi lingeenea. Gari lilikuwa katika gereji ya baba yake, papa Tharcisse, kule Anderlecht, Brussels. Mzee alikuwa amelifufua kwa ajili ya safari moja tu: kesho yake, kumpeleka bintiye kanisani.

Élodie, mdogo wake Cécile, alisomea uhandisi na alilipenda gari lile kuliko alivyokubali. Injini ya silinda nne imelazwa upande ili boneti ikae chini. Nguzo za paa ni nyembamba, vioo vipana pande zote. Ukiwa nje unaona kila kilichomo. Hakuna pa kujificha.

Cécile aligonga dashibodi ya mbao, akacheka.

"Papa mwenye gari, kule uko, karibu kwa ndoa yangu. Tutaenda pamoja, sawa?"

"Yaya, wacha kuita wafu," Élodie alimwonya dada yake.

"Wacha aje. Na ye anapendaka kunywa bière."

Akashuka, akafunga mlango, akaenda kusukwa nywele.

Haikupita dakika, kioo cha upande wa abiria kikaingia ukungu. Duara dogo. Usawa wa mdomo wa mtu aliyeketi.

Vioo vingine vilikuwa vikavu. Élodie alifungua mlango, akapangusa. Ukungu ulikuwa upande wa ndani. Akafunga. Ukarudi. Ukafifia. Ukarudi.

"Papa," alinong'ona, "mwenye hii gari alikufia wapi?"

Papa Tharcisse hakuinua macho kutoka kwenye kabureta.

"Bibi yake, ule mjane aliniuzishaka gari, alinielezaka. Pa feu rouge, pa taa nyekundu, ndani ya kile kiti ya abiria; bibi ndiye alikuwa anaendesha. Bon, usiambie yaya yako. Tulishaombea gari."

Asubuhi, kabla baba hajaamka, Élodie alikwenda gereji peke yake. Alifungua delco chini ya boneti, akachomoa kile kidole kidogo kinachogawa moto kwa plagi, akakitupa kwenye mfereji wa meli. Bila hicho injini haiwaki. Dada yake asingekaa kwenye kiti kile.

Kweli, haikuwaka. Papa Tharcisse alitukana kwa Kifaransa, kisha akawaitia mabinti teksi, yeye akafuata kwa gari la jirani. Élodie alikaa mbele. Cécile alikaa nyuma ya dereva, gauni limetanda hadi kiti cha pili.

"Ile Lancia yenu iko na wivu kama belle-mère, ule mama ya bwana," akasema.

Élodie alicheka. Mabega yalimlegea kwa mara ya kwanza tangu jana.

Jua lilikuwa kali. Walipokaribia Basilika ya Koekelberg, aligeuka kumtazama bibi harusi.

Dirisha la pili la nyuma. Upande ambao hakukaa mtu.

Duara dogo. Likafifia. Likarudi.

Ndipo alipokumbuka mwaliko. Aliyealikwa hakuwa gari, alikuwa mwenye gari.

Cécile alikuwa akitazama nje upande wake, akiimba kwa sauti ya chini. Élodie alinyoosha mkono nyuma, akalikusanya gauni kutoka kwenye kiti kile kitupu, taratibu, akamwachia nafasi.