Hauko Tayari

Saa tatu asubuhi, mlango wa lifti ya jengo la ofisi ulikataa kujifunga. Kiti cha magurudumu kilikuwa nusu ndani, nusu nje, na mwanamke wa gauni la kijani alikuwa akikisukuma kwa goti.

"Kigeuze, dada," alisema mwanaume wa shati jeupe nyuma yake. "Kiingie kinyumenyume."

Kikaingia. Humo ndani waligundua kwamba wanakwenda chumba kimoja. Mwanamke aliongoza karakana ya hisani iliyounda viti vya watu wasioweza kutembea. Mwanaume alikuwa mshauri, amekodiwa kuiandaa ipokee mtaji wa wawekezaji wanaotaka jamii inufaike, na papo hapo fedha yao irudi. Mpaka siku hiyo karakana iliishi kwa misaada tu.

Mwanaume akamwita yule mwanamke Fundi. Fundi akamwita Mwalimu, maana alisahihisha sarufi hata kwenye ujumbe wa simu. Walijadili bei, bodi, na nani ataendesha karakana Fundi akiugua. Baadaye simu zikahamia jioni, na "Fundi" ikawa "Fundi wangu".

Ijumaa moja Fundi alimwomba aje kwa mama yake Jumapili ya wiki inayofuata. Mwalimu alisema atamjibu akimaliza tathmini ya karakana. Kesho yake asubuhi ujumbe wake ukaingia: "Hauko tayari. Tusubiri mwaka mmoja."

Fundi aliusoma mara mbili, akaacha kupokea simu zake. Wiki nzima alichomelea vyuma. Mwalimu alipopiga simu ya karakana, dada yake Fundi ndiye aliyejibu: "Yuko kazini, shemeji. Samahani, kaka."

Jumamosi Mwalimu alikuja mwenyewe, ripoti kwapani. Fundi hakuvua miwani ya kuchomelea.

"Ungeniambia usoni kwamba siko tayari kuolewa. Mwaka mzima nisubiri nini, nikue?"

"Nani kasema wewe?"

"'Hauko tayari.' Ninao ujumbe wako."

"Mradi, Fundi. Mradi hauko tayari. Hamna bodi, na ukiugua karakana inafungwa. Ningekukusudia wewe, ningeandika 'huko'."

"Nani anasema 'huko'? Mtu akiongea na mwenzake anasema 'hauko'."

"Ni kosa."

"Analo hata mama yangu. Kamsahihishe."

Mwalimu aliweka ripoti juu ya meza ya vyuma. "Basi kosa ni langu. Nilipunguza neno moja."

"Na mimi je?"

"Wewe uko tayari tangu kwenye lifti. Nilitaka kwanza nimalize kazi yenu, watu wasiseme nimependelea karakana ya mchumba wangu."

Dada mtu alicheka nyuma ya turubai. Fundi alivua miwani, akasoma ripoti mpaka ukurasa wa mwisho. Karakana aliikubalia mwaka mmoja. Lakini Mwalimu, Fundi alimpa mpaka kesho tu afike kwa mama.

Jumapili saa nane mchana mama alifungua mlango.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wa sarufi? Mbona umesimama, hauko tayari kuingia?"

Mwalimu alifungua mdomo, akaufunga.

"Niko tayari, mama," alisema.

Fundi akamshika mkono, wakaingia.