Tanga Linaposimama Katikati

Tanga lilianza kupanda lenyewe. Kokushubila alitamka neno moja tu, "Tweka," na vitelezi arobaini vilivyoshonewa ukingoni mwa tanga vikaanza kupanda ndani ya reli-sumaku, ule mfereji wa chuma uliopachikwa mlingotini kutoka chini hadi kileleni. Hakuna mkono uliogusa kamba. Kwenye gati la Bukoba makuli wa chuma waliendelea kupakua ndizi bila kugeuka, lakini abiria walipiga makofi.

Kisha, katikati ya mlingoti, tanga likasimama. Kokushubila alihesabu kimoyomoyo. Alipofika kumi na moja likaendelea kupanda, kana kwamba hakuna lililotokea.

Ilikuwa hivyo kila safari, mahali palepale au karibu yake. Abiria hawakujua, lakini nahodha yeyote wa ziwa lile alijua: upepo wa ghafla ukitokea kisiwa cha Musira na kulikuta tanga nusu mlingoti, chombo kinaweza kulala ubavu. Na Kokushubila hakuwa mtu wa kuamini kwamba chuma husimama kwa mapenzi yake. Lazima palikuwa na mkono wa mtu.

Kusema kweli, mama huyu alishuku hata kivuli chake. Alikuwa nahodha kwa miaka kumi na tisa, tangu injini za mafuta zilipopigwa marufuku ziwani na vyombo vikarudia upepo, na katika miaka hiyo hakupokea mzigo asiouhesabu mara tatu. Hakuwaamini watabiri wa hali ya hewa, wala wasimamizi wa gati. Shemeji yake Rwekaza, mdogo wa marehemu mumewe, aliyetweka naye tanga miaka yote hiyo, alimwamini kwa jambo moja tu: kwamba alikuwa mvivu.

Na angeachaje kuamini? Kabla ya reli walisimama pande mbili za mlingoti ule mnene, kila mmoja na kamba yake, wasionane. Tanga likifika katikati, Rwekaza alikuwa akipaza sauti: "Ngoja kwanza nitafune kahawa, shemeji. Nimechoka." Alimaanisha zile buni zilizochemshwa na kukaushwa, ambazo watu wa kwao hutafuna mchana kutwa. Basi Kokushubila alilegeza kamba akamsubiri, akimsema kwa uvivu wake huku akisugua bega la kulia. Bega hilo liliteguka miaka ile ya mwanzo, na hakumwambia mtu. Nahodha mwenye bega bovu hunyang'anywa cheti.

Reli ilipofungwa, mwezi wa kwanza haikutweka chochote. Ilikaa ikijifunza. Vihisi vyake, vidude vya kupima uzito vilivyofungwa kwenye kila kamba, vilisoma namna wawili hao walivyovuta. Mwezi wa pili ikaanza kutweka yenyewe, na kila mtu alijua kwamba Rwekaza hatahitajika tena. Hapo ndipo tanga lilipoanza kusimama lenyewe.

Kwa Kokushubila hesabu ilikuwa nyepesi. Alimfikisha shemeji yake mbele ya baraza la manahodha, akasema ameichezea reli ili asipoteze kazi. "Kikulacho ki nguoni mwako," aliwaambia. Rwekaza hakujitetea sana. Alisema hajui lolote kuhusu mitambo, akatoa kibali chake cha ubaharia akakiweka mezani. Baraza likakifuta.

Hiyo ilikuwa wiki iliyopita, na tanga bado lilikuwa likisimama katikati. Ndiyo maana asubuhi hii Kokushubila alimpandisha chomboni mhandisi Asimwe, binti aliyeifunga reli, ili akitafute alichokiacha Rwekaza humo ndani. Asimwe alifungua kisanduku cha kumbukumbu chini ya mlingoti. Mistari miwili ya mwanga ikatokea, na binti akaitazama kwa muda mrefu.

"Hakuna aliyeichezea, mama," alisema. "Imewaiga ninyi."

Kokushubila akasema basi imeiga uvivu wa Rwekaza, aufute.

"Mstari huu ni kamba yako. Mkifika katikati unashuka hadi sufuri. Huu mwingine ni wa kwake. Unapanda maradufu."

Kokushubila alijibu kwamba bila shaka Rwekaza alikuwa ameifunga kamba kwenye kigingi, ametulia anatafuna.

"Kamba iliyofungwa haitetemeki. Hii inatetemeka sekunde zote kumi na moja. Alikuwa ameishika kwa mikono, amebeba tanga zima peke yake." Asimwe alionyesha tena mstari wa kwanza. "Na hasimami mpaka nguvu ya mkono wako ianze kupungua. Kila mara, mama. Anakusubiri wewe."

Mkono wa Kokushubila ulikwenda begani kabla hajauzuia. Yule binti akageuza macho akatazama maji. Kokushubila aliona aibu, aibu ambayo hakuwahi kuionja tangu utoto.

Waliporudi gatini alikwenda moja kwa moja Kashai, nyumbani kwa Rwekaza. Alimkuta barazani akimenya ndizi, shavu limevimba kwa kahawa, kama lilivyokuwa limevimba kila asubuhi kabla hawajashika kamba.

"Karibu, shemeji," alisema, akamsogezea kiti.

Kokushubila hakuketi. Alitoa cheti chake cha unahodha akakiweka mbele yake. Alimweleza mistari ile miwili, akasema atakwenda kwa baraza la manahodha kuwaambia habari za bega lake, maana hapakuwa na njia nyingine ya kumrudishia jina lake.

Rwekaza alikisukuma cheti kwa ncha ya kisu. "Kirudishe mfukoni. Bega gani? Mimi nilikuwa nachoka tu, shemeji."

Katika yote aliyowahi kusema Rwekaza, hilo ndilo neno pekee ambalo Kokushubila hakuwahi kulitilia shaka. Leo hakuliamini. Alikiokota cheti, akamwambia avae viatu, baraza linafungwa saa kumi.