Nimesoma Yote

Mzee anayesimulia habari hii anaapa kwamba kila neno lake ni la kweli tupu. Likipatikana la uongo hata moja, ataosha vyombo vya nyumba nzima kwa wiki nzima. Huyo Mizani, mwanafunzi wa habari hii, anasema, hakumjua vizuri. Habari zake alizisikia kwa watu tu.

Mizani lilikuwa jina la utani. Lilitokana na kazi ya kila Jumanne asubuhi, wakati Darasa la Sita, likishafagia na kufuta ubao, liliposahihisha insha za neno. Insha hizo zilikuwa wazo la mwalimu wa Kiswahili, mama mmoja mwenye sauti iliyowahi kuinyamazisha kengele ya shule katikati ya mlio wake. Kila mwanafunzi alichagua neno moja akalichimba: maana yake, tofauti yake na maneno yanayokaribiana nalo, mfano kutoka maishani mwake, kisha hitimisho. Sehemu nne, kila moja alama tano.

Wanafunzi walisahihishiana wenyewe, wachache kwa zamu kila wiki. Karatasi zilikuwa na namba badala ya majina ili mtu asimpendelee rafiki yake. Msahihishaji, yeye, hakujificha. Chini ya alama aliandika "Nimesoma yote", akatia jina lake. Insha iliyofikisha alama kumi na tano ilinakiliwa katika Kamusi ya Darasa, kitabu kinene kilichoshonwa kwa uzi wa viatu.

Mizani hakumwonea mtu wala kumbeba mtu, na darasa zima lilimwamini. Ila alikuwa na udhaifu mmoja: alipenda kumaliza wa kwanza. Aliposikia wenzake bado wanakuna vichwa, naye keshapeleka karatasi zake mezani, moyo wake ulipiga makofi.

Aliyekaa naye dawati moja aliitwa Konokono. Aliandika polepole mno. Wenzake walisema akianza kuandika tarehe, anapomaliza siku imeshabadilika. Baba yake alikuwa fundi mwashi, na familia ilihama kila jengo lilipokamilika. Hii ilikuwa shule yake ya tano.

Jumanne hiyo Mizani alipewa karatasi kumi. Tisa alizimaliza upesi. Ya kumi ilikuwa na herufi ndogo kama sisimizi walio msafarani, na papo hapo akajua ni ya Konokono. Neno lilikuwa "jirani". Maana ilikuwa nzuri. Tofauti ilikuwa nzuri zaidi: rafiki unamchagua, mgeni unamtarajia, lakini jirani unamkuta tu. Hapo ukurasa ukaisha. Hapakuwa na mfano wala hitimisho.

Wino ulionekana kwa mbali ukipenya kutoka nyuma. Mizani aliuona. Lakini sheria ilikuwa kuandika upande mmoja, na mwenzake wa dawati la mbele alikuwa tayari anapanga karatasi zake vizuri ili anyanyuke. Atakuwa amefanyia hesabu huko nyuma, Mizani alijiambia. Tena asije akasemwa kwamba anambeba jirani yake. Akaandika nne, nne, sifuri, sifuri. Jumla nane. Akaongeza: "Neno halijachimbwa." Kisha: "Nimesoma yote. Mizani." Akafika mezani wa kwanza.

Jumatano karatasi zilirudishwa. Konokono aliitazama yake, akaigeuza, akaigeuza tena. Mizani alichungulia. Upande wa nyuma ulijaa maandishi toka juu hadi chini.

"Ulisoma yote?" Konokono aliuliza taratibu.

Nafasi ilikuwa hiyo. Mizani aliiona kabisa, akaiacha ipite.

"Si nimeandika hapo?"

Konokono alitikisa kichwa kukubali, akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni.

Alhamisi nafasi yake kwenye dawati ilikuwa wazi. Mwalimu aliwaambia kwamba jengo limekwisha na familia ya fundi inaondoka saa sita. Akasikitika kuwa Konokono anakwenda bila kuacha hata neno moja katika Kamusi. Wenzake walisema masikini. Mizani alisogea katikati ya dawati, akaona ni pana mno, akarudi pembeni.

Wakati wa mapumziko alikwenda ofisini akasema yote, macho yakiwa sakafuni: wino aliouona, haraka yake, na jibu alilompa mwenzake. Mwalimu hakugomba. Alitazama saa ya ukutani, akaandika ruhusa, akamwambia akimbie.

Gari dogo la mizigo lilikuwa nje ya nyumba, magodoro yameshapakiwa. Mizani aliwaamkia wazazi huku akihema. Konokono alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Sikugeuza karatasi," Mizani alisema. "Halafu nikakudanganya."

Konokono alitoa karatasi mfukoni.

"Basi geuza sasa. Usome kwa sauti."

Mizani alisoma. "Nilipofika shule hii hapakuwa na nafasi. Wote walinitazama. Mwenzangu mmoja alisogea bila kuambiwa, akatoa mkoba wake kwenye dawati akaupakata mapajani. Mwaka mzima ameupakata. Hajawahi kulalamika, nadhani hata hajui. Jirani ni mtu anayepakata mzigo wake ili wewe upate pa kukaa."

Fundi alipiga honi. Konokono alimwachia karatasi, akasema aliandika nyuma kwa sababu ile ilikuwa ya mwisho daftarini, akapanda. Hakusema amesamehe. Alipunga mkono mara moja, polepole kama alivyoandika, na gari likakata kona mkono ukiwa bado juu.

Mchana Mwalimu aliisoma insha mbele ya darasa, ikapata alama kumi na nane, na Mizani akainakili katika Kamusi kwa mwandiko wake bora. Darasa lilipiga makofi. Aliyestahili kuyasikia alikuwa njiani.

"Alama umezirekebisha, na umefanya vema kusema mwenyewe," Mwalimu alimwambia baadaye. "Lakini mtu anapokupa kazi yake uipime, amekupa sehemu yake mwenyewe. Isome mpaka mwisho kabla hujaihukumu. Na ukikosea, sema siku ileile, maana wenye haki ya kusikia hawakai wakitungoja."

Hadithi ingeishia hapo, kama mjukuu wa msimulizi hangekuwa anatafuta sindano katika bati la zamani la biskuti. Humo alikuta karatasi ya manjano iliyokunjwa mara nne. Aliisoma pande zote mbili. Kisha akalinganisha mwandiko wa "Nimesoma yote. Mizani." na ule wa daftari la babu yake, herufi kwa herufi.

"Babu, Mizani hukumjua vizuri?"

Mzee alikohoa. Mjukuu hakubishana naye. Alimvalisha aproni na kumwonyesha karai.

Ndiyo maana jioni hii msimulizi yuko jikoni, mikono povu tupu, akiiweka sufuria ya kwanza kando kwa haraka ili amalize mapema. Mjukuu ameichukua, ameitazama, amemrudishia.

"Geuza, Babu. Nyuma hujaosha."